Binti wa baharia aliyewatosa abiria

Saa moja na robo asubuhi, Bi Biubwa Hemedi anaingia kwenye ghala la Utende na ndoo mbili za maji ya bahari, moja kichwani, nyingine mkononi. Anazitua taratibu, anakaza kanga kiunoni, kisha anazishusha kamba nene za kumbi zilizotundikwa ukutani na kuanza kuzilowesha, moja baada ya nyingine, akizikamua kama nguo.

"Kamba zikikauka, humu ndani kunanuka chokaa," anasema. "Zikilowa, kunanuka meli. Wenyewe wanataka kunuke meli."

Akimaliza kamba anapiga deki. Sakafu ni ya mbao, na kwa sasa imelala sawasawa kama sakafu nyingine yoyote. Saa tatu, wageni wa kwanza watakapoingia, itaanza kuinama.

Zamani ghala hili lilihifadhi mbata, zile nazi zilizokaushwa kwa ajili ya kukamuliwa mafuta. Tangu Februari mwaka huu wa 2018 limekuwa jumba la maonyesho. Ndani yake imeundwa upya safari ya mwisho ya Sitara, meli ndogo ya abiria na mizigo iliyozama Machi 1969 karibu na Ras Kisimani, kusini magharibi mwa kisiwa cha Mafia. Walikuwemo watu themanini na watatu. Hamsini na wawili hawakurudi.

Mgeni akifika hapewi tikiti ya kawaida. Anapewa kadi yenye jina la mtu mmoja aliyekuwemo melini, na kwa muda wa nusu saa anatembea na jina hilo. Chumba cha kwanza ni gati, kuna makanda ya tende, magunia na mabegi ya bati. Chumba cha pili ni sitaha. Hapo taa zinazimwa, kuta zote nne zinajaa bahari inayotembea, upepo wa baridi unavuma kutoka kwenye mashine, sakafu inalala upande kidogo kidogo, na mtu anajikuta ameshika chuma cha ukingoni bila kuambiwa. Sauti ya mwanamume inasimulia kutoka kwenye spika. Chumba cha tatu kina ukuta wa majina tu. Mgeni analitafuta jina la kwenye kadi yake, ajue kama mtu wake alipona.

Watalii waliokuja kumtazama papa potwe hupita hapa wakati bahari imechafuka. Wanafunzi huletwa na walimu wao. Wanakijiji huja siku za Ijumaa, baada ya sala.

Bi Biubwa ana umri wa miaka hamsini na saba. Analipwa shilingi laki mbili na nusu kwa mwezi kwa kufanya usafi na kulowesha kamba. Kabla ya hapo alilima mwani kwa miaka kumi na minane, mpaka maji ya pwani yalipopata joto na mwani ukaanza kuoza ukiwa bado kwenye kamba zake.

Alipoomba kazi hii hakusema baba yake ni nani.

"Hawakuniuliza," anasema. "Nami nikaona haya. Nikasema wasije wakadhani mama huyu anaombea kazi jina la marehemu."

Baba yake, Hemedi Ussi, alikuwa baharia wa Sitara. Mwili wake haukupatikana. Aliswaliwa sala ya ghaibu, sala ya maiti asiyekuwepo, na mama yake Biubwa akakaa eda katika chumba ambacho makubadhi ya mumewe yalikuwa bado mlangoni. Biubwa alikuwa na umri wa miaka minane.

Katikati ya chumba cha pili, sakafu ikiwa imeinama kabisa, sauti ile inasema: "Na hapo, baharia Hemedi akawatosa abiria wake." Kisha kimya. Kisha udi unapigwa, polepole, mpaka taa zirudi.

Kwa miezi saba Bi Biubwa aliisikia sentensi hiyo mara tano au sita kwa siku. Kila ilipofika, alisimamisha fimbo ya deki kule alikokuwa, akasema kwa sauti ya chini, "Mungu amrehemu."

Alifurahi. Hakuna kitabu kilichowahi kumtaja baba yake, wala redio. Sasa jina lake lilitamkwa mbele ya watu waliotoka mbali, na udi ukapigwa baada yake. Aliwaambia majirani, nendeni mkasikie, baba anatajwa. Alimwambia hata mjukuu wake, Chiku, aliye darasa la sita. Mkiletwa na shule, alimwambia, chumba cha pili utege sikio.

Shule ililetwa mwezi Septemba.

Chiku ni mtoto wa Hemedi, mwana wa kwanza wa Bi Biubwa, fundi wa injini za boti aliyepewa jina la babu yake. Kwa hiyo shuleni mtoto anaitwa Chiku Hemedi. Siku hiyo msichana mmoja wa darasa lake alipewa kadi ya baharia Hemedi Ussi. Walipofika kwenye ukuta wa majina, msichana akatafuta, akapata.

"Hakupona," akawaambia wenzake.

"Afadhali," mmoja akajibu, na wengine wakacheka.

Njiani kurudi shuleni walikuwa wameshamtungia Chiku jina. Chiku Mtosaji. Akiazima kalamu, wanamwambia, usimpe, atakutosa.

Jioni hiyo alimkuta bibi yake akikuna nazi. Akasimama mbele yake na begi mgongoni.

"Bibi, kwa nini ulitaka nisikie yale?"

"Yapi?"

"Kuwa babu kawatosa watu. Kawaacha wafe."

"Nani kasema kawaacha?"

"Si wamesema kawatosa, bibi? Kutosa si ndiyo kumwacha mtu? Kama yule mchumba alivyomtosa shangazi."

Bi Biubwa anasema kifuu cha nazi kilimponyoka. Ndipo alipolisikia neno lile kwa masikio ya watoto, na kwa masikio ya wageni wote waliopita mbele yake tangu Februari.

"Miezi saba," anasema. "Miezi saba napiga deki huku baba yangu anatukanwa, nami naitikia amin."

Kwa watu wa umri wake, hapa kisiwani, kutosa ni kutia kitu majini. Unatosa bilinganya kwenye mchuzi. Unatosa wavu. Neno hilo halina kosa lolote. Lakini maneno nayo husafiri. Mjini, na sasa hata Utende, aliyetoswa ni aliyeachwa solemba: mchumba kamkimbia, rafiki kamgeuka. Watoto wa siku hizi hawalijui lile la kwanza.

Asubuhi iliyofuata hakulowesha kamba. Alikaa kwenye kizingiti cha ghala akamsubiri msimamizi wa onyesho, kijana anayeitwa Evaristo, mzaliwa wa Bukoba, ambaye husoma nyaraka za zamani kama wengine wasomavyo magazeti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nina neno nataka kukuuliza. Nyie mliposema baharia kawatosa abiria, mlikusudia nini?"

Evaristo akafikiri kidogo. "Kwamba aliwatelekeza. Aliwakimbia."

"Akakimbilia wapi, katikati ya bahari?"

Evaristo akageuka kuitazama bahari.

"Mwanangu, kutosa ni kutia majini."

"Kwetu mtu akikutosa, amekuacha."

"Kwa hiyo nyie kwenu mkiachana, mnazama?"

Evaristo anasema alicheka, kwa sababu alidhani mama wa usafi anatania. Kisha akamtazama usoni, akaacha kucheka. "Huyo Hemedi," Bi Biubwa akamwambia, "ndiye aliyenizaa."

Evaristo aliingia ofisini akatoka na karatasi ndani ya mfuko wa plastiki. Ilikuwa nakala ya maelezo ya mpagazi mmoja aliyepona, yaliyoandikwa kwa mkono wiki chache baada ya meli kuzama. Mpagazi huyo alishafariki. Bi Biubwa, aliyejifunza kusoma ukubwani, aliupitisha ukucha chini ya kila neno. *Meli ilipolala ubavu, Hemedi baharia alitutosa.* Chini ya hapo palikuwa na matundu matupu. Mchwa walikuwa wameula ukurasa mpaka pembeni.

"Mchwa wa kwetu nao," akasema. "Wamekula yote, wakabakisha hilo."

"Mimi ndiye niliyeusoma huo ukurasa," Evaristo akamwambia. "Sikumuuliza mtu. Niliona nimeelewa."

Mtu mwingine angeficha kosa lake, au angelitupa kwa wakubwa zake wa Dar es Salaam. Evaristo hakufanya hivyo. Lakini alisema jambo lingine ambalo Bi Biubwa analikumbuka zaidi.

"Nahitaji mtu aliyekuwemo, mama. Si kwamba sikuamini. Lakini wewe siku hiyo ulikuwa nyumbani."

Ni kweli, alikuwa nyumbani. Habari za baba yake alizipata kwa mama yake, na mama yake alizipata kwa watu. Katika miaka yake yote, Bi Biubwa hakuwahi kuzungumza na mtu hata mmoja aliyetoswa na baba yake.

Muda nao ulikuwa mfupi. Onyesho linafungwa Desemba. Januari litapakiwa lote, kuta, spika na sakafu yake, lipelekwe Dar es Salaam, kisha Tanga, kisha Mwanza. Sentensi ile ikiondoka jinsi ilivyo, itamtangaza Hemedi Ussi mbele ya watu wasiojua hata Mafia iko upande gani, na hapatakuwa na wa kuwasahihisha.

Kwa wanavyojua watu wa kisiwani, aliyebaki hai kati ya wale thelathini na mmoja waliopona ni mmoja tu, Bi Mwanamkuu Suleimani wa Baleni, mkulima wa minazi na muhogo. Mwaka 1969 alikuwa na umri wa miaka sita.

Wanawake hawa wawili walifahamiana kwa sura. Lakini hawakuwahi kuzungumza.

"Tulikuwa tunakutana misibani," Bi Biubwa anasema. "Nikikaa jamvi moja naye, yeye anahamia jingine. Nikajiambia, huyu anajua kitu kuhusu baba. Nikawa naogopa kumuuliza."

Alipanda bodaboda mpaka Baleni akiwa na hofu hiyo. Alimkuta Bi Mwanamkuu uani, akimenya muhogo. Baada ya salamu ndefu, za afya, za watoto na za mvua, mwenyeji wake aliweka kisu chini.

"Umefuata nini, bibie? Nyumba yangu huijui."

"Nimefuata habari za baba yangu."

Bi Mwanamkuu aliitazama mikono ya mgeni wake. "Mimi sina ugomvi nawe," akasema. "Ila nikikuona namwona yeye. Una mikono yake."

Bi Biubwa hakumbana. Alimweleza habari za ghala, sauti na neno. Kisha akamwambia, "Njoo usikie wanavyomsema. Ikiwa ni kweli, nambie, nami nitanyamaza mpaka kufa kwangu."

Bi Mwanamkuu alikuja Jumamosi ya wiki iliyofuata, amevaa buibui na ameshika mkoba kwa mikono miwili. Evaristo alitaka kupunguza sauti na kuzima mashine ya upepo. Bi Mwanamkuu alikataa. Akasema amepanda gari kuja kuona meli, basi na aione.

Kwenye chumba cha gati alitembea vizuri. Aligusa kanda la tende, akasema yalikuwa makubwa kuliko hayo. Kwenye chumba cha pili taa zikazimwa, maji yakapanda kutani, sakafu ikaanza kulala. Aliushika ule ukingo wa chuma. Sauti ikafika pale: *baharia Hemedi akawatosa abiria wake.* Udi ukapigwa ukaisha, taa zikawashwa, sakafu ikarudi mahali pake. Bi Mwanamkuu alikuwa bado ameshika chuma.

"Tumemaliza, mama," Evaristo akamwambia.

Hakuachia. Macho yake yalikuwa wazi lakini hayakuwa yakimtazama yeyote. Evaristo akataka kukimbilia zahanati. Bi Biubwa akamzuia kwa mkono. Akamsogelea mwenzake, akamwita kwa jina, akamwambia achia, shoga yangu, achia, ni ghala hili. Vidole havikufunguka. Basi akaanza kuvifungua yeye, kimoja kimoja, kuanzia kidole kidogo, kwa nguvu kidogo maana vilikuwa vimekaza.

Alipofika kidole cha tatu Bi Mwanamkuu akasema, "Hivi hivi."

"Hivi hivi nini?"

"Alinifungua hivi hivi. Akaanzia kidogo."

Walimketisha kwenye benchi la chumba cha tatu, mbele ya majina. Evaristo aliomba ruhusa ya kurekodi kwa simu, akapewa. Aliyoyasema Bi Mwanamkuu siku hiyo yalichukua dakika kumi na nne. Hakuwahi kuyasema kabla ya hapo, hata kwa marehemu mumewe.

Alisema meli ilipanda mwamba, ikalala ubavu wa bara. Watu wakang'ang'ania ukingo wa juu. Hakuna aliyetaka kuachia, maana chini ni maji. Maji yalikuwa yakijaa, na mkondo ulikuwa ukielekea kwenye fungu, kilima cha mchanga kinachochomoza katikati ya bahari. Abiria hawakulijua hilo. Baharia alilijua.

"Akawa anatembea kwenye ukingo kama mtu anayechuma embe," alisema. "Anakufungua vidole, anakwambia funga mdomo, anakutosa mbali. Mbali, usije ukavutwa na meli. Watu wakapiga kelele, wakamwita muuaji. Wanawake wakamlaani. Mimi nilimpiga teke."

Mkondo ulimchukua. Alipofika kwenye fungu aliwakuta watoto wengine, nao wametoswa. Walikaa mchangani, maji mpaka magotini, mpaka wavuvi wa Kisimani walipowaona. Wengine waliotoswa hawakufika.

Kisha akaeleza kwa nini alihama majamvi misibani.

Mama yake, Furaha, alikuwa amembeba mdogo wake, mtoto wa miezi mitano. Baharia alimwendea akitaka kumtwaa yule mchanga. Mama alimng'ata mkono. Akaenda kwa wengine, akarudi. Mama akamng'ata tena, akajifunga kwenye chuma kwa ushungi wake. Hakwenda mara ya tatu. Meli ilipinduka, mama na mtoto wamo, na baharia yumo.

"Nilimchukia," Bi Mwanamkuu alisema. "Nilikua nikimchukia. Nikisema, angeniacha pale pale na mama yangu. Sasa nina wajukuu saba. Nawatazama wajukuu, namkumbuka, nashindwa kumlaani na nashindwa kumwombea. Ndiyo maana nikikuona nahama."

Bi Biubwa akamshika mikono. Walikaa pale kwenye benchi, mikono imeshikana, mpaka wageni wa saa tano wakaanza kugonga mlango.

Mtu angedhani mambo yangeishia hapo. Evaristo alirudi ofisini akaandika sentensi mpya: baharia Hemedi akawaokoa abiria wake. Akawasomea wote wawili, akiwa na furaha ya mtu aliyetengeneza alichokivunja.

Bi Mwanamkuu akatikisa kichwa. "Mama yangu hakuokolewa."

Bi Biubwa naye akakataa. "Acha *akawatosa*. Ndilo lililosemwa na aliyekuwemo. Ongeza tu kilicholiwa na mchwa."

Walikaa na Evaristo mpaka adhuhuri wakilitengeneza. Lililopatikana ni hili: *Na hapo, baharia Hemedi akawatosa abiria baharini, mmoja mmoja, mkondo uwachukue hadi kwenye fungu. Wengine walifika.* Bi Mwanamkuu aliomba lisomwe mara mbili. Kisha akaomba jambo moja, kwamba kwenye ukuta, chini ya jina la Furaha Jumanne, aandikwe mtoto. Hakuwa kwenye orodha kwa kuwa watoto wa mgongoni hawakukatiwa tikiti. Evaristo aliliandika jina hilo siku ile ile kwa mkono wake. Yule mtoto aliitwa Abeid.

Sauti ni jambo gumu zaidi. Devotha, anayesimamia onyesho kutoka Dar es Salaam, aliusikiliza ushuhuda wote, akapiga simu kumwomba radhi Bi Biubwa yeye mwenyewe. Alieleza kuwa sauti imefungwa pamoja na picha na mwendo wa sakafu, na aliyeisoma yuko masomoni nje ya nchi. Kubadili sentensi moja ni kufungua kazi nzima. Itafanyika, alisema, ila hawezi kuahidi kuwa ni kabla ya Januari. Huenda ikawa kabla ya Mwanza.

"Alizungumza nami kwa adabu," Bi Biubwa anasema. "Simlaumu. Lakini Dar kuna watu wengi kuliko Mwanza na Mafia pamoja."

Kwa sasa amepewa ruhusa ya kusimama mlangoni mwa chumba cha pili kabla ya kila kundi kuingia. Anaweka deki pembeni, anafuta mikono kwenye kanga, anasema maneno yale yale kila mara.

"Humo ndani mtasikia neno *akawatosa*. Kwetu Mafia ni kuwatia majini. Baharia yule aliwatia majini ili mkondo uwapeleke kwenye mchanga. Wengine walifika, wengine hawakufika, naye hakurudi. Karibuni."

Hawaambii kuwa ni baba yake. Watalii hutafsiriwa na waongozaji wao, nao huitikia kwa kichwa kwa heshima bila kuelewa kwa nini mama wa usafi anawafundisha Kiswahili. Wanafunzi husikiliza, na wachache bado hucheka wakilisikia neno lenyewe. Asubuhi hii, kundi la kwanza lilikuwa la wanafunzi. Kijana mmoja mrefu alimuuliza, "Kwa hiyo, bibi, mtu akinitosa nimshukuru?" Wenzake wakaangua kicheko.

"Tazama kwanza amekutosa wapi," Bi Biubwa akamjibu, akawafungulia mlango.

Chiku hajarudi kwenye ghala. Bibi yake alimweleza yote, na mtoto alisikiliza, akauliza maswali mazuri, akalia kidogo kwa ajili ya yule mchanga. Lakini shuleni jina la Mtosaji lingalipo, kwani kuwaeleza wenzake kungechukua dakika kumi na nne na hakuna anayempa hata moja. Kwenye majalada ya madaftari yake mapya ameandika *Chiku H.*, Hemedi hakulimaliza. Hiyo H. inamuuma bibi yake kuliko kicheko cha darasa zima, ingawa hajamwambia.

Hapo ndipo ulipotokea mpango wake. Amemwomba Devotha amchukue pamoja na onyesho, Dar es Salaam, Tanga, Mwanza, kwa kazi ile ile ya kulowesha kamba na kupiga deki, mradi asimame mlangoni mpaka sauti itakapobadilishwa. Devotha amekubali. Atamlipa, atamtafutia mahali pa kulala. Alichomtaka ni kufika mwenyewe, kwa boti ya Kilindoni kwenda Nyamisati na kisha kwa basi, kama wasafiri wote wa kisiwani wasio na nauli ya ndege.

Bi Biubwa hajapanda chombo cha majini tangu Machi 1969.

Mwani aliulima kwa miguu, maji yakiwa yametoka. Hospitali ya bara aliyoandikiwa mwaka 2006 hakwenda. Chole, kisiwa kinachoonekana kutoka mlangoni mwa ghala, mahali walikozikwa wakwe zake wote wawili, hajawahi kukikanyaga.

"Hata Chole?" anaulizwa.

"Hata Chole. Siku ya msiba wa mama mkwe nilibaki hapa ufukweni, nikawapikia wanaorudi."

Evaristo amemweleza kuwa kwenye boti jina la kila abiria huandikwa siku hizi. Amemwomba, siku hiyo ikifika, amsaidie kuhakikisha wameandika lote, Biubwa Hemedi Ussi, wasilikate popote.

Kwa wiki ya tatu sasa, akimaliza kazi saa tisa alasiri, anashuka ufukweni na kupanda boti ya abiria wa Chole ikiwa bado imefungwa. Anachagua ubao wa katikati, anakaa, anashika ubao kwa mikono miwili. Abiria wengine wanaingia na vikapu vyao, wanamsalimu, wanampisha. Nahodha alishazoea.

"Leo tunakwenda, mama?"

"Bado, mwanangu."

Siku ya kwanza alikaa muda wa kuvuta pumzi mbili, akashuka. Wiki iliyopita alikaa mpaka boti ikajaa.

"Jana nilikaa mpaka wakafungua kamba," anasema Bi Biubwa. "Kesho nitakaa mpaka wawashe injini."